Vyuma vya Mzee Oyoo

Sura ya Saba

Sikumlilia baba yangu. Heri niliseme mwenyewe mapema, maana hapa Turwa, Tarime, watu wote wanalijua, na wanalizungumza kisimani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga. Mzee Oyoo amekufa, binti yake Zilpa amemzika, na chozi halikutoka hata la kusingizia. Siku ya mazishi akina mama wa kwaya walinishika mabega wakanitikisa, wakasubiri. Jamani, nilitamani kuwaridhisha. Nilikuwa nimekauka tu. Nilikula nilipowekewa chakula na nililala nilipoambiwa nikalale. Juzi nilitia chumvi kwenye birika la chai badala ya sukari, nikanywa kikombe changu mpaka chini. Kama baba mdogo Owuor asingeonja ile chai akaitema mlangoni, nisingejua kuna kosa.

Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Migori, ng'ambo ya mpaka, na hakuja kuniliwaza. Alikuja kugawa mali ya kaka yake, na mali yenyewe ilikuwa vyuma. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuvitenganisha, cha kuuza huku na cha kubaki kule, ili jioni mnunuzi akija kutoka Nyamongo akute kila kitu kiko tayari.

Niwaeleze kuhusu vyuma hivyo. Ujana wake wote baba aliumalizia Nairobi, kwenye gereji iliyokuwa ikitengeneza magari ya mashindano, yale yaliyokuwa yakikimbia siku za Pasaka katika mbio za Safari. Mbio zikiisha magari yalifunguliwa, na kile kilichokufa fundi aliruhusiwa kwenda nacho. Wenzake waliuza. Baba alikusanya. Aliporudi nyumbani kufungua gereji yake alishusha lori la vyuma kabla ya kushusha kitanda, na marehemu mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba ana mke mwenza, jina lake Datsun.

Vyote vilikaa kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Taa kubwa za kumulika porini, kabureta za Escort, giaboksi la Peugeot, ekseli, springi, usukani uliopinda, mlango mmoja wenye namba ya mbio iliyofifia. Na hakuna kilichooshwa. Mtu akimwibia baba unga angemsamehe, lakini ole wake aliyeosha kifaa chake. Aliliacha tope lilelile lililoingia navyo gereji. Tope jekundu lilikuwa la Taita, jeusi lililoshika kama ukoko wa ugali lilikuwa la bondeni, na mimi tangu utoto nilijua kusoma tope kabla sijajua kusoma shairi la darasani.

Siku ile nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya mapenzi yote ya baba, na sikusikia chochote. Niliokota, niliangalia, niliweka kulia au kushoto. Ndipo mtu alipobisha hodi kwenye bati.

Sauti ile niliijua. Mwaka mmoja nyuma ningeruka nikajikwaa. Nikasema, "Karibu," kama ninavyomkaribisha mtu aliyekuja kuulizia chumvi.

Hamim aliinama akaingia. Alikuwa amekonda, vumbi la mawe limeng'ang'ania kwenye kope zake, na mashati mawili yaliyotoboka kayavaa moja juu ya lingine. Yale macho yake tu ndiyo hayakubadilika, macho ya mtu anayekusikiliza mpaka umalize. Huyu ndiye kijana aliyejifunza ufundi kwa baba, aliyenipenda mbele ya injini zilizofunguliwa, na ambaye pande zote mbili zilimkataa. Baba mdogo alisema binti wa Kikristo haendi kwa Mwislamu. Mama yake Hamim, Bi Arafa mshona nguo wa karibu na msikiti, alisema mwanawe haleti Mkristo. Ni baba yangu peke yake aliyekuwa akinyamaza huku akimpa Hamim spana. Basi Hamim akaenda Nyamongo, kwenye mashimo ya dhahabu, kama walivyokwenda vijana wote mwaka ule. Aliniambia dhahabu itawanyamazisha wote.

"Pole, Zilpa," alisema.

"Asante."

"Pole sana."

"Nimekusikia. Kaa, usikanyage hizo taa."

Alikaa mbele yangu. Aliniangalia muda mrefu, akingoja kitu usoni pangu, na kwa kuwa hakikuja akashusha macho. Akaokota kabureta, akaipuliza taratibu, akaigeuzageuza ilipoingia mwanga.

"Hii ni ya ile Escort iliyopinduka," alisema.

"Weka kushoto."

"Kushoto ndiyo wapi?"

"Kunauzwa."

"Na kulia?"

Niligeuka nikaangalia kulia. Hapakuwa na kitu. Asubuhi nzima nilikuwa nimeweka kila kitu upande mmoja na sikuwa nimeona.

"Kwa hiyo vyote vinauzwa," Hamim alisema polepole. "Ekseli hizi wakizipeleka kule watazikata patasi za kuchongea mwamba. Mimi mwenyewe nimetumia patasi za namna hiyo. Utakubali?"

"Mbona unauliza kama vile vina roho? Ni vyuma."

"Hayo si maneno yako."

"Basi ni ya nani? Mimi ndiye niliyefungua mdomo."

Alikuwa akiangalia mkono wangu. Nami nikauangalia, nikaona damu imeshuka kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko na kuchafua kanga. Bati la ule mlango wa mbio lilikuwa limenichana, na sikujua saa ngapi. Hamim alisogea kwa magoti. Alivua shati la juu, akachana upande uliokuwa msafi, akanifunga. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vigumu, lakini alinishika kama alivyokuwa akishika kioo cha taa. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Nilisikia pumzi yake shavuni. Nilikumbuka kwamba zamani pumzi ile ilinifanya nisahau jina langu, nikaingoja hali ile irudi. Haikurudi. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko kufiwa, kwamba labda nimemzika baba pamoja na kila kitu.

"Inauma?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hamim, siumwi popote. Nikuulize wewe swali?"

"Uliza."

"Kwa nini hukuja kumzika?"

Mikono yake ilisimama. Nje kuku walikuwa wakiparua, na redio ya jirani ilikuwa ikitangaza vifo vya watu wengine.

"Nilituma mtu wa lori asubuhi ileile aliyokufa," niliendelea. "Nikamwambia apige kelele kwenye mashimo yote mpaka akupate. Alinihakikishia alikupata jioni ileile. Nilikungoja pale kaburini, Hamim. Mchungaji alisoma, nikawa naangalia barabara. Walifukia, nikawa naangalia barabara. Mzee aliyekupa ufundi, aliyekupa na chakula, hukumtupia hata konzi ya udongo."

"Alinipata kweli," alisema. "Jioni ileile."

"Kumbe."

"Zilpa, nisikilize mpaka mwisho, halafu unifukuze." Alifuta uso kwa mkono, akauchafua zaidi. "Mimi nimekulia hapa, katikati yenu. Tangu mtoto sijaona Mjaluo anazikwa kesho yake. Mzee Okal, jirani yenu, alikaa wiki ngapi akisubiriwa watu wa Kisumu? Sisi Waislamu ndio wa haraka. Nyinyi mnangoja. Nikajua nina muda. Nikasema siendi msibani kwa Mzee mikono mitupu, watu waseme yule mtoto wa Arafa alikwenda Nyamongo akarudi na vumbi. Nikabaki mpaka tukaosha mchanga, nikapata kidogo, nikanunua kondoo. Nikaja naye kwa miguu kutoka kwenye njia panda. Nikafika pale kwenye ua wenu wa minyaa." Alikunja kipande cha shati kilichobaki. "Nikaona kaburi limeshaanza kuota majani."

"Halafu?"

"Halafu nikasikia aibu, nikageuka. Ningesema nini? Ningesema nilidhani hamjazika?"

Mdomo wangu ulifunguka na kicheko kikatoka. Sikukiita. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na Hamim alishtuka kama nimempiga kofi.

"Unanicheka."

"Sikucheki. Ni mimi niliyemzika haraka. Baba ndiye aliyenituma. Alikuwa kitandani, akaniambia, Zilpa, mimi nikizima usiniegeshe niangaliwe kama gari bovu, nizike kesho yake. Nikaitikia. Nikafanya. Sikungoja mtu, na yule wa lori sikumwambia kwamba ni kesho."

Hapo ndipo kivuli kilipoziba mlango. Baba mdogo Owuor alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, na nyuma yake mwanamume mpana mwenye koti la mvua, Matiko, yule mnunuzi mwenye karasha za kusagia mawe huko Nyamongo.

"Shikamoo, baba," Hamim alisema, akasimama haraka, kifua kikionekana kwenye matundu ya shati la ndani.

Baba mdogo hakuitikia. Alimwangalia Hamim, akaniangalia mkono uliofungwa kitambaa cha shati, akaniangalia uso.

"Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, lakini sauti haikuwa ya mtu anayemwita binti yake. "Hii ndiyo kazi nimekuachia ufanye? Kukaa na mwanaume kwa nyumba ya marehemu?"

"Amekuja kutoa pole, baba mdogo."

"Pole gani anatoa akivua shati?"

Matiko alikohoa, akapita pembeni akaanza kugeuza ekseli kwa mguu. "Hizi nzuri," alisema peke yake. "Hizi chuma cha zamani. Mura, wewe kijana, nisaidie kuinua hii."

Hamim hakumsaidia. Mimi nilisema, "Chukua, ziko zote upande huo."

"Umesikia?" baba mdogo alimwambia Matiko. Halafu akamgeukia Hamim, na yale aliyokuwa ameyameza tangu alipofika yakatoka. "Wewe ndiye umeharibu huyu msichana. Unajua watu wa Migori wanaambiana nini? Wanasema Oyoo alizikwa kama Mwislamu! Ati leo amekufa, kesho ako chini. Kaka yangu! Mtu ako na ndugu, ako na ukoo mzima! Nani alimfundisha Zilpa hiyo maneno kama si wewe na mama yako?"

"Baba, mimi sikuwepo," Hamim alisema.

"Hata aibu huna. Hukuwepo!"

"Sikuwepo kwa sababu nilijua hamjazika."

Baba mdogo alikuwa ameinua kidole. Kidole kilibaki juu.

"Umesema nini?"

"Nilipata habari, nikasema nina muda, Wajaluo hawana haraka. Nikatafuta kondoo kwanza. Nikafika nikakuta kwisha."

Hata Matiko aliacha vyuma. Baba mdogo alirudisha kofia kichwani, akaitoa tena. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alikaa. Mzee yule mkubwa na suruali yake ya kupigwa pasi alikaa juu ya giaboksi la Peugeot lenye tope la miaka, akashika magoti yake.

"Mimi ilikuwa ng'ombe," alisema.

Aliiweka kofia sakafuni.

"Nilipata habari siku ya pili. Jirani alikuja mbio. Nikamwambia wacha haraka, omera, ndugu yangu, tuko na wiki mbili hapo. Nikasema huyu ni kaka yangu mkubwa, siwezi kufika na mkono tupu. Nikaenda mnada, nikachagua dume. Nikatafuta watu wa kuswaga. Tukavuka nayo mpaka Sirari, tunakunywa chai, mtu anasema, si huyo amezikwa kitambo?" Alikuwa akizungumza na sakafu. "Sikumwona uso. Tumenyonya titi moja na sikumwona uso."

Nilimwangalia baba mdogo, nikamwangalia Hamim. Wanaume wawili wasioweza kukaa kwenye benchi moja, na mimi niliwafungia mlango mmoja siku moja. Nilijua kwamba hapo ndipo mtu hulia. Nilijiangalia ndani kama mtu anayechungulia mtungi. Nikasema, "Nisamehe, baba mdogo. Aliniomba yeye."

"Najua alikuomba. Huyo alikuwa hivyo tangu tukiwa wadogo. Hawezi kungoja." Alifuta pua kwa kitambaa. "Hiyo ng'ombe sasa iko wapi, unaniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Iko Sirari kwa shemeji. Inakula tu. Na kondoo wako?"

"Yuko kwa mama," Hamim alisema. "Amenenepa. Mama anasema anamlia vitambaa vya wateja."

Nadhani baba mdogo alitaka kucheka akajizuia. Alimwangalia Hamim kwa mara ya kwanza, kuanzia miguu yenye tope mpaka zile kope zenye vumbi. Matiko alisogea na ekseli begani.

"Mzee, tupakie? Giza likiingia ile barabara ya kwetu si nzuri."

"Weka chini," baba mdogo alisema.

"Tulishaelewana, mzee."

"Weka chini, bwana. Mimi hata sijakaa na hivi vitu. Utakuja siku ingine, kama kutakuwa na siku ingine."

Matiko aliniangalia mimi, maana ndimi niliyekuwa nikisema chukua, chukua tangu mwanzo. Kama angeniuliza ningesema tena chukua, si kwa ubaya. Hakuniuliza. Aliishusha ekseli kwa uangalifu kuliko alivyoiinua, akaaga kwa Kikurya, akaenda zake.

Baba mdogo alibaki pale juu ya giaboksi akikwangua tope kwa ukucha.

"Usikwangue, baba mdogo," nilisema.

"Kwa nini?"

"Hakupenda."

Alitoa mkono kama aliyeungua. Baadaye akasema, bila kumwangalia mtu, "Kesho kutwa nitaleta hiyo dume. Hatuwezi kumzika tena, lakini tutakaa hapo kwake, tule, tumzungumzie. Wewe kijana lete kondoo."

"Ndiyo, baba."

"Na utachinja wewe."

Hamim alinyanyua uso. Kwetu Tarime, kila mtu anajua maana ya hilo. Ukimwalika Mwislamu achinje, umetaka Waislamu wale. Na ukitaka Waislamu wale, umewakaribisha.

"Nyama zote mbili?" Hamim aliuliza.

"Zote. Ili na mama yako akuje ale, asikae huko kwake akisema tulimnyima."

"Mama ni mgumu, baba. Anaweza akakataa."

"Hata mimi ni mgumu. Mwambie hivyo." Baba mdogo alisimama, akajipangusa suruali, tope likamshika mikono yote. Kidole kikainuka tena. "Na usijidanganye. Sijakukubalia kitu. Nimesema uchinje, sijasema uoe."

"Nimeelewa, baba."

"Marahaba," alisema baba mdogo, akijibu ile shikamoo ya mwanzo, akatoka.

Tulibaki wawili. Jua la jioni liliingia kwenye matundu ya bati. Hamim alikuwa anatabasamu, masikini, tabasamu la mtu aliyetoka shimoni akakuta bado ni mchana. Alinisogelea, akanishika ule mkono uliofungwa.

"Umesikia, Zilpa? Amenipa kisu."

"Nimesikia."

"Hufurahi?"

Ningeweza kumdanganya. Wanawake wengi wangemdanganya, na angelala vizuri. Lakini yeye alikuwa ameniambia lake la aibu bila kulipaka rangi.

"Hamim, nina ganzi," nilisema. "Mwili mzima. Nakuona, najua ni wewe, najua nilikupenda mpaka nikakosa usingizi. Lakini leo umenishika na sisikii mkono wako. Sikufukuzi. Nakwambia tu ulivyo mzigo unaoubeba."

Tabasamu liliondoka usoni mwake, ila mkono hakuuachia.

"Itaisha lini?"

"Nitajuaje? Labda kesho kutwa dume likianguka. Labda mwakani niko sokoni nachagua dagaa. Ila najua itaisha, na siku hiyo nitalia vibaya sana, nitagaagaa, na sitaki anishike mama yeyote wa kwaya. Nataka nishikwe na wewe."

Macho ya Hamim yalikuwa yamejaa, yeye ambaye hakuwa mwana wa marehemu.

"Basi sirudi tena Nyamongo," alisema. "Nakaa hapahapa, karibu na ua wenu."

"Sijakwambia usiende," nilimjibu. "Nimekwambia usichelewe."